Ukoko wa Jiko la Atomu

Manchester,
14 Julai 1957

Kwa mjomba wangu Zephaniah,

Nakusalimu wewe na Mama Alice, na Alice mwenyewe, na Bibi Wakio huko Bura, pamoja na yeyote aliyeketi kwenye benchi lako la nje barua hii ikisomwa, maana nakujua, huwezi kusoma barua peke yako. Mimi ni mzima. Mitihani ya mwaka wa pili nimepita. Mama mwenye nyumba bado ananipa uji wa shayiri kila asubuhi na bado ananiuliza kama Kenya kuna mvua. Nimemwambia Voi hakuna, Bura ipo, naye anadhani namfanyia mzaha.

Sasa sikiliza. Nimeliona jiko la atomu.

Chuo kilitupeleka kwa treni, sisi wanafunzi kumi na wanne wa uhandisi, mpaka pwani ya kaskazini, kwenye lile jiko lililofunguliwa mwaka jana na Malkia. Mjomba, sijui nianzie wapi. Hakuna moshi. Hakuna rundo la makaa. Kuna minara minene inayotoa wingu jeupe, na ndani ya jengo kuna ukimya kama wa kanisani siku ya kazi. Mtu mmoja amevaa koti jeupe, anatazama saa za ukutani, basi. Walituambia kipande cha madini ya urani kinachoenea kiganjani kina nguvu ya mabehewa mazima ya makaa. Nilishika kizuizi cha chuma kwa mikono miwili nikainama nione zaidi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza nyumbani. Fikiria pampu zinazopandisha maji mpaka Wundanyi. Fikiria Mboghoni wakimwagilia migomba kwa kubonyeza kitufe. Fikiria Voi ina stima ya atomu!

Na si ndoto tu. Mwezi wa Januari kutakuwa na mkutano London wa wanafunzi wa makoloni na wa nchi zilizojitawala majuzi, na swali litakuwa hili: nchi changa zitafute mkataba na mataifa makubwa ili zijengewe majiko haya, au zisitafute? Mimi nimechaguliwa kusema upande wa kutafuta. Niandikie unavyofikiri. Wewe umeishi na moto na maji kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mpwa wako,
Danson


Voi,
20 Agosti 1957

Mpwa wangu Danson,

Barua yako ilifika Jumamosi, tarehe kumi, na kweli benchi lilikuwa limejaa, kwa hiyo salamu zako zimegawanywa sawasawa na wote wanazirudisha. Bibi yako Wakio anaumwa magoti lakini mdomo ni mzima, anauliza kama huko wanakupa viazi vitamu. Mama Alice amefungua shamba la maharagwe upande wa mama yako, marehemu dada yangu, na mipera yake tumeiacha ilivyo. Alice ni wa tatu darasani. Kuhusu joto la Voi sina la kusema, unalijua.

Sasa nikuambie ulivyoniaibisha.

Wewe umeandika "Voi ina stima ya atomu". Mimi ni muosha boila. Kwa sisi wa karakana ya reli, stima ni ule mvuke unaovuma ndani ya boila, lile pipa la chuma la kuchemshia maji, na kusukuma injini. Niliposoma hivyo niliruka kutoka kwenye benchi. Nikawatangazia wenzangu kwamba injini ya atomu inakuja Voi, na kwamba mpwa wangu ameishika kwa mikono miwili. Treni ya Taveta ilipoondoka ikaibeba habari, na iliporudi kesho yake habari ilikuwa imenenepa: injini hiyo hailishwi mafuta wala maji, dereva wake anavaa koti jeupe, na waosha boila wote tutafukuzwa. Katuku, yule Mkamba tunayeosha naye, alinijia uso umemshuka akaniuliza arudi kwao Mutomo sasa au angoje barua ya kufukuzwa. Ilibidi Alice achukue karatasi asome upya, kisha akasema taratibu, "Baba, stima anayosema Danson ni ile ya taa."

Wamenicheka wiki nzima. Mpaka leo nikipita wananipigia honi ya mdomo.

Lakini nikikaa peke yangu najiuliza. Stima ya taa inazalishwa na mashine inayozunguka, hilo nalijua, nimeiona Mombasa. Mashine hiyo inazungushwa na nini? Hilo jiko lako linatoa moto, sawa. Moto peke yake hauzungushi kitu. Ulitazama vizuri, au ulikuwa unashika kizuizi? Na kama kuna maji mahali, nani anaosha?

Nijibu upesi. Nimeanza kusisimka na umri wangu hauniruhusu.

Mjomba wako,
Z. Mghanga


Manchester,
3 Septemba 1957

Mjomba wangu,

Nimeicheka barua yako mpaka mama mwenye nyumba akapanda ngazi kuja kuuliza kuna nini. Mwambie Katuku asifunge mzigo. Bibi mwambie viazi vitamu sijaviona tangu Mombasa, na nimeviota mara mbili.

Nina habari itakayokurudishia heshima yako yote, kwa hiyo nataka uisome kwa sauti, benchi likiwa limejaa. Hukukosea. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wangu swali lako, akachora ubaoni. Urani inapata moto, hewa inapitishwa katikati yake na kuuchukua moto huo, kisha hewa hiyo ya moto inapelekwa kwenye vyombo vikubwa vilivyojaa maji. Maji yanachemka. Mvuke unasukuma mashine. Mjomba, ni boila. Ile minara, lile koti jeupe, Malkia na bendera zake, vyote vinaishia kwenye boila. Nilisimama mbele ya ubao nikacheka kama mwehu, mwalimu akadhani sijaelewa.

Kwa hiyo stima yako na stima yangu ni ndugu wa tumbo moja.

Jambo la pili, hili liwe letu kwanza. Mwenyekiti wa kamati inayonisomesha aliniita chai. Ameniambia wanatafuta Mwafrika mmoja wa kumwongezea miaka miwili ili asomee majiko haya haya, na wengi watakuwa wakinitazama Januari. Hakusema zaidi, lakini alitabasamu alipokuwa akinimiminia chai. Nikisema vizuri, nafasi ni yangu. Fikiria, mtoto wa Bura. Siwezi kulala vizuri kwa furaha.

Kuhusu kuosha nitakuandikia nikipata kujua.

Mpwa wako mwenye haraka,
Danson


Voi,
29 Septemba 1957

Mpwa wangu, mwerevu kuliko wajomba zake wote,

Tumeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma mimi, mara ya pili Katuku alidai isomwe tena ile sehemu ya boila, mara ya tatu walikuja watu wa stesheni ambao hawakuwepo. Sasa hakuna anayenipigia honi. Mzee mmoja wa posta amenivulia kofia. Bibi Wakio hajambo, kasema nikuandikie kwamba alijua tangu zamani hakuna kinachopikwa bila maji.

Danson, nakwambia kweli, nimekuwa na furaha ambayo sikuijua tangu siku ulipopanda meli. Miaka kumi na tisa nimeosha boila, na wakubwa wakipita hutazama magurudumu, hutazama rangi, hutazama bomba la moshi. Boila hawaitazami. Na sasa kitu kikubwa kuliko vyote walivyobuni, ukikivua nguo, ni boila. Kila siku wakati wa chakula nawafundisha wenzangu kwa chaki sakafuni. Nimechora urani kama kiazi, nadhani haina ubaya.

Nataka jiko hilo. Liandike hilo mahali. Nalitaka lijengwe hapa hapa kwenye uwanda, na nataka kuligusa.

Ila umelikwepa swali langu, tena ukalikwepa kwa adabu, jambo linaloonyesha umelelewa. Nani anaosha? Nisikilize vizuri, maana hili ndilo ninalolijua duniani. Maji ya huku yana chumvi. Yakichemka stima inakwenda zake, lakini chumvi haiendi popote, inashika kwenye mirija, inakuwa ngumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ndiyo maana tunauita ukoko. Usipoutoa, boila inapasuka. Kila kinachochemsha kinaacha ukoko, sijaona kisichoacha. Dereva anaondoka na injini, abiria wanaondoka na dereva, taa zinawaka Nairobi. Ukoko unabaki Voi, na mimi.

Unalikumbuka bomba la maji walilokuwa wakililaza kutoka chemchemi za Mzima kwenda Mombasa? Sasa limepita. Nimelitazama, bomba zuri sana, mtu anaweza kutambaa ndani. Mama Alice analiruka akienda kuchota maji.

Basi hiyo urani ikichoka, inaacha ukoko gani? Unatolewa na nani, kwa mkono gani, na unamwagwa kwa nani? Ukisimama London bila jibu hilo utakuwa umewauzia injini isiyo na tundu la kuoshea.

Lakini simama. Simama vizuri, vaa ile suti uliyopandia meli.

Mjomba wako,
Z. Mghanga


Manchester,
4 Novemba 1957

Mjomba mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi za chuo zimenibana. Natumaini magoti ya Bibi yamepata nafuu na maharagwe ya Mama Alice yameota. Huku baridi imeanza na jua linatua kabla ya saa kumi na moja. Nimezoea kunywa chai ya rangi.

Hotuba nimeandika kurasa sita. Nimeanza na Mboghoni na migomba, watapenda. Mwenyekiti ameisoma akasema ina moyo, nisibadilishe kitu.

Lile swali lako la ukoko ni zuri, lakini ni la mambo ya ndani ya ufundi, na wataalamu wanalishughulikia. Hotuba ya dakika ishirini haiwezi kubeba kila kitu. Tutaliongea nikirudi.

Salamu kwa wote.

Danson


Voi,
2 Desemba 1957

Danson,

Wote hapa wazima. Bibi mzima. Mvua imenyesha Bura. Barua hii ameiandika Alice kwa sababu peni yangu imeharibika.

Karani wa stesheni hupata gazeti la Nairobi likishasomwa na wakubwa. Amenionyesha kwamba mwezi wa Oktoba, pwani hiyo hiyo ya kaskazini uliyokwenda, jiko la atomu lilishika moto ndani kwa ndani, na serikali ikawaamuru wafugaji wa maili nyingi wamwage maziwa yao mtoni na mitaroni kwa sababu ya kilichotoka kwenye bomba la moshi. Wewe uliniandikia tarehe nne Novemba. Uliandika juu ya baridi na chai ya rangi.

Nakuuliza jambo moja tu. Ulijua?

Z. Mghanga

Danson, ni mimi Alice. Baba hajui kama naongeza hapa, yuko nje anaongea na Katuku. Peni haijaharibika. Wiki ya pili ya Novemba alifungua plagi, kizibo cha tundu la kuoshea, kwenye injini ambayo ilikuwa haijapoa, maji ya moto yakamrukia mkono wa kulia kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Alikaa hospitali siku kumi na sita. Sasa yuko nyumbani na mkono umefungwa. Alitukataza kukuambia. Siku zote anasema Danson ana mkutano, Danson ana mkutano. Usimwambie nimekuambia, au mwambie, sijui.


Manchester,
11 Desemba 1957

Mjomba,

Nami naituma hii kwa ndege, kama yako. Salamu zote utajaza mwenyewe, moyo hauniruhusu.

Nilijua. Nilijua siku ile ile habari zilipotoka. Chai ya rangi ni kwa sababu hiyo, ingawa maziwa ya Manchester hayakuguswa na mama mwenye nyumba amenicheka. Niliona kwenye gazeti picha ya mfugaji akimimina maziwa. Alikuwa anatazama pembeni, nami nikamkumbuka Bibi asivyotaka hata tone lidondoke nje ya kibuyu. Nilikata picha hiyo niiweke kwenye barua, kisha nikaificha kwenye kitabu. Niliogopa utaniambia niache. Nilijiambia lililoungua si lile jiko la umeme, ni jirani yake, la kutengenezea vitu vya mabomu. Na hiyo ni kweli. Lakini nilijiambia mara nyingi mno.

Na wewe, Mjomba? Peni imeharibika? Umenilea mimi tangu mama afe, umenifundisha kwamba mtu wa nyumba hamfichi mwenzake jeraha, na umelala hospitali siku kumi na sita ukiniachia mimi niandike habari za migomba. Nimekasirika. Nimekasirika na wewe na nimejikasirikia mwenyewe, sijui ipi ni kubwa. Mkono ukoje? Vidole vinakunja? Usimgombeze Alice.

Niambie la kufanya. Mkutano ni tarehe kumi na nane Januari. Nikiitaja habari ya moto na ukoko, ile miaka miwili imekwenda, Mwenyekiti ameniambia nisibadilishe kitu. Nisipoitaja, nitasimama mbele ya watu na mkono wako umefungwa kitambaa.

Danson


Voi,
27 Desemba 1957

Mpwa wangu,

Alice anaandika, mimi nasema, na safari hii hatudanganyani. Krismasi imepita vizuri, tulipanda Bura wote, hata Katuku.

Bibi Wakio alisomewa barua yako yote. Akasema nyumba yetu ina hasira mbili zilizofichwa, moja Voi moja ng'ambo, na ndiyo maana maji yaliniruka. Mimi ni mtu wa kanisa, unajua, nikamwambia maji yaliniruka kwa sababu nilifungua plagi. Hakunisikia. Alitaka tutase, kama watu wa zamani: mtu anachukua maji ya miwa kinywani, anasema yaliyomkaa moyoni, anayapuliza nje, na hasira inatoka nayo. Nikasema Danson yuko mbali. Akasema basi tutase nusu, nusu yake atamalizia mwenyewe. Nikafanya, Mungu anisamehe au asinisamehe. Nilisema nimekukasirikia kwa sababu ya maziwa. Nilipuliza. Nikajisikia mwepesi, sitaki kukuficha.

Sasa sikia nililolificha. Vidole viwili havikunji. Na nitakuambia kwa nini nilifungua plagi ile. Injini mbili zilisimama sambamba, moja imepoa, moja bado. Nilikuwa nawaeleza wenzangu atomu. Nilikuwa nimefika pale hewa ya moto inapokutana na maji, nimefurahi, mikono inaongea, nikashika spana huku nawatazama wao, nikageukia injini isiyo yangu. Miaka kumi na tisa sikuwahi kukosea. Kosa langu lilitokana na furaha, Danson, si uvivu wala ujinga. Sikutaka ujue kwa sababu ungedhani ni wewe.

Hilo ndilo ninalotaka uwaambie. Hata mtu anayeijua kazi hukosea siku amefurahi. Mimi nilikosea, nikaungua mkono mmoja, basi, Katuku aliyesimama hatua mbili hakupata hata tone. Huko walikosea, na ng'ombe wa maili nyingi ambao hawajawahi kuliona hilo jiko maziwa yao yakamwagwa. Hiyo ndiyo tofauti ya boila yangu na boila yao.

Usidhani nakutaka useme hapana. Mimi bado nalitaka jiko. Nalitaka hata na mkono huu. Tukikataa tutabaki tunaruka bomba la watu wengine. Lakini mkataba ukiandikwa, uandikwe na ukoko ndani, na uandikwe nani anaosha, na muoshaji afundishwe kama anavyofundishwa dereva. Wakikataa kuliandika hilo, ndipo useme hapana.

Miaka miwili ni yako, siwezi kukuchukulia wala kukupa. Utamalizia nusu yako ya kutasa mwenyewe.

Mjomba wako


London,
19 Januari 1958

Mjomba wangu, Mama Alice, Alice, Bibi Wakio, Katuku na benchi lote,

Nimesimama. Jana saa tisa, suti ile ile.

Nilianza na migomba ya Mboghoni, wakapenda kama nilivyojua watapenda. Mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele anaitikia kwa kichwa. Nilipofika ukurasa wa tatu nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni. Nikawaambia nina mjomba huko Voi anayeosha boila. Nikawasimulia stima ya atomu na Katuku kutaka kurudi Mutomo, ukumbi mzima ukacheka, mpaka wanafunzi wa iliyokuwa Gold Coast wakapiga meza. Halafu nikawasimulia plagi.

Nikasema: nchi yangu ilitafute jiko hili, na ilitafute bila aibu, kwa sababu hatuna makaa na tuna haki ya taa kama watu wengine. Lakini mimi nikiulizwa nitie sahihi, nitauliza kwanza ukoko. Sikupata neno la Kiingereza la kutosha, kwa hiyo nilisema "ukoko" kwa Kiswahili, nikaeleza ni nini, na kuanzia hapo kila aliyesimama alisema "ukoko" kwa matamshi ya ajabu. Mjumbe wa Ceylon aliuliza ukoko wa nchi yake utavuka bahari ngapi. Neno lako limezungumzwa London mchana kutwa.

Mwishoni alisimama mzee mwenye fimbo, zamani fundi wa boila za meli, sasa anafanya kazi kwenye jiko lile lile nililoliona. Alisema hilo ndilo swali la kwanza la maana alilolisikia kwenye mkutano wa atomu. Akaeleza kwamba fito za urani zikichoka hutolewa kwa mashine, zinatumbukizwa kwenye dimbwi la maji lenye kina kirefu, zinakaa humo zipoe. Nikamuuliza zinakaa mpaka lini. Akanitazama, akasema, "Kijana, baadhi ya ukoko wake utatuzika sisi sote na wajukuu wetu. Mpaka lini, bado hatujui."

Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Nafasi ya miaka miwili amepewa mwingine, nimeambiwa leo asubuhi kwa barua fupi. Sijutii. Huo ni uongo, na tumekubaliana kutodanganyana: najuta, nilikula kiamshakinywa bila kujua nakula nini. Lakini mzee wa fimbo amenialika Pasaka niende nikalione dimbwi lenyewe, anasema wageni huwa hawaonyeshwi upande huo. Mwezi wa Juni nikimaliza diploma nitapanda meli.

Na jana, kabla ya kuingia ukumbini, nilisimama uani nikanywa funda la maji ya bomba, kwa kuwa miwa hakuna, nikasema yangu yote kuhusu wewe na peni yako, nikapuliza. Polisi alinitazama sana.

Danson


Voi,
16 Februari 1958

Danson

Hii naandika mwenyewe. Mistari inapanda, inashuka, usicheke. Nimeanza juzi. Alice amekaa kando anataka kunisaidia, nimemkatalia.

Wote wazima. Barua yako imesomwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Bibi, aliyeshuka kutoka Bura, ameelewa kila kitu isipokuwa polisi. Anauliza, hilo dimbwi, waliolichimba wakifa, nani ataambiwa kwamba lipo? Muulize mzee wa fimbo.

Mkono huu hautaosha tena. Wameniweka chumba cha taa za ishara, najaza mafuta. Lakini Jumatatu hadi Jumatano wananiita karakana nifundishe wapya. Somo la kwanza nawapeleka kwenye injini mbili zilizosimama sambamba, nawaambia wachague ipi imepoa. Halafu nawachorea jiko lako. Katuku sasa ndiye anayelieleza vizuri kuliko mimi, na hafurahi sana akieleza, hilo ni jema.

Miaka miwili imeniuma mimi pia. Nililia kidogo, mbele ya Mama Alice tu. Kisha nikafurahi kupita kiasi, maana kuna mjumbe wa Ceylon anayejua ukoko.

Doa hilo juu ya jina lako si chai. Bibi alichukua funda la maji ya miwa akaipulizia karatasi kabla sijaandika. Anasema sasa imekamilika.

Pasaka ukifika kwenye lile dimbwi, uchungulie. Uniandikie ulichokiona wewe, si walichokuambia. Hata kikiwa kibaya.

Mkono umechoka.

Mjomba wako,
Zephaniah Mghanga
Muosha boila